Treni, mwezi na tungamo la Z: toka Mbeya hadi Makambako

Kama hujawahi kupanda treni ya TAZARA toka Mbeya kwenda Makambako panga siku uipande, maana ukikaa upande wa kushoto unaangalia mpunga wa Usangu mpaka macho yanachoka, na kulia milima ya Kipengere inakusindikiza. Mimi nilikuwa naenda msibani, mkononi nina kitabu cha fizikia kinachoeleza chembe ndogo kuliko atomu, maana fizikia ndo somo ninalofundisha. Mama mmoja aliyepandia Chimala na viroba vyake vya mchele akakichungulia, tukasalimiana, akaniuliza, "Sasa mwalimu, hivyo vidude havionekani hata kwa macho, uzito wake mnaupimaje?"

Swali zuri sana hilo! Nikamwambia mama, mzani haupo, tungamo lake (yaani wingi wa maada, ndo huo uzito unaousema) linasomwa kwenye nishati, maana Einstein alishaonyesha hivyo viwili vinageukana. Chukua chembe inaitwa Z, iligunduliwa CERN, maabara ya fizikia iliyoko Geneva, mwaka 1983, ikizaliwa inakufa papo hapo. Wakachimba handaki la duara la kilomita 27 mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, mashine yake LEP ikawashwa 1989, humo wakawa wanagonganisha elektroni na positroni, pacha wake mwenye chaji chanya, wanapandisha nishati kidogo kidogo huku wanahesabu Z ngapi zimezaliwa, yaani kama unavyozungusha redio ya zamani kutafuta stesheni, kuna mahali sauti inajaa alafu ukipitiliza inafifia. Pale inapojaa ndo penye tungamo: GeV 91.19 hivi (GeV ni kipimo cha nishati), kama mara 97 ya protoni, ile chembe ya kwenye kiini cha atomu.

Ila utamu wenyewe uko hapa. Nishati ya mashine ilikuwa inayumba yumba, na usipoijua vizuri hata tungamo hulijui. Kwanza wakakuta ni mwezi, ule mvuto unaojaza na kupwaza bahari unainua na ardhi ya Geneva, duara lote linatanuka kama milimita 1 na nishati inabadilika. Wakarekebisha. Bado sumaku zinazopindisha chembe zifuate duara zikawa zinachezacheza mchana kutwa, usiku wa manane zinatulia, na ndo mwaka 1995 wakabaini ni treni za umeme za TGV, zile za kasi za Ufaransa! Umeme unatoroka relini, unapita ardhini, unaingia kwenye bomba la mashine. Baada ya kuondoa yote hayo wakafika GeV 91.1876, na shaka iliyobaki ni GeV 0.0021 tu. Mimi kazi ya namna hiyo naiheshimu kuliko hata ugunduzi wenyewe.

Mama akaangalia chini kwenye sakafu. "Na hii yetu je?"

"Hii ya dizeli mama, haina umeme wa kutorokea relini."

Tunakaribia Makambako, upepo wa baridi unaingia dirishani, watu washaanza kushusha mizigo, yeye bado yuko na mwezi, anataka kujua mbona Ziwa Nyasa halijai na kupwa kama bahari ya Dar. Nikamjibu linavutwa vilevile, ila ziwa ni dogo mno ukilinganisha na bahari, maji yanapanda kidogo sana huwezi kuona kwa macho.

"Basi nalo wakalipime," akasema, akaita kijana aje ambebee viroba.