Gunia la bibi

Kwa bibi yangu Kilifi, embe likiangukia mikononi mwake halikuliwa siku hiyo. Limepevuka, sawa, mabega yamejaa hadi kikonyo kimezama, lakini kupevuka si kuiva. Alikuwa akiyavundika kwenye gunia uvunguni mwa kitanda, na siku ya nne chumba kizima kinanukia. Mimi, mwizi wa siku ya pili, niliambulia uchachu na utomvu mdomoni.

Miaka mingi baadaye, chuoni, ndipo nikaelewa shughuli iliyokuwa gizani mule. Jeni za embe, yaani maelekezo ya urithi yaliyo ndani ya seli zake, ni zilezile tangu mwanzo. Kinachobadilika ni zipi ziko kazini. Tunda likiwa changa, zinazohangaika ni za kugawanya seli na kuzitanua, kisha za kulimbikiza wanga. Likishapevuka, zinaamka zile za kutengeneza ethilini, gesi ambayo nayo huziamsha zaidi. Moto unaojichochea wenyewe! Gunia lilikuwa la kuizuia gesi hiyo isitoroke. Baada ya hapo vimeng'enya, protini zinazoharakisha mabadiliko, vinageuza wanga kuwa sukari, vingine vinalegeza pektini, ile gundi ya kwenye kuta za seli, na embe linaanza kubonyea. Rangi ya nyama ni karotini, nayo ina jeni zake.

Embe lililochumwa changa halina akiba hiyo ya wanga. Livundike utakavyo, litalainika tu, utamu hakuna. Bibi aliyakataa sokoni kwa kuyatazama mabega.

Na guniani hakukosa kutia ndizi moja mbivu. "Ya kuwaamsha wenzake," alisema.