Tulivyoshuka Mutsamudu

Watu wakisikia kwamba nilikuwa Komoro mwaka 2008 huniuliza habari za risasi. Risasi zilikuwepo, lakini za asubuhi moja, na kabla jua halijatua watu wa mji walikuwa barabarani wanashangilia. Kilichonikaa mimi ni usiku wa kuvuka, na neno moja nililoambiwa na kijana aliyekuwa amelala chini, damu inamtoka mguuni.

Mimi ni mtu wa Iramba, Singida. Maji makubwa niliyoyajua utotoni ni Ziwa Kitangiri, na hayo hata ukisimama ukingoni unaiona ng'ambo. Jeshini nilifundishwa mengi, lakini bahari niliiogopa tangu mwanzo na sikumwambia mtu.

Safari ya kutoka nyumbani hadi Fomboni, mji mkuu wa kisiwa cha Mwali, haina la kusimulia: ndege, jua, foleni, kungoja. Tuliendelea kungoja Fomboni. Wiki hiyo Maulidi iliangukia Alhamisi na Pasaka Jumapili, kwa hiyo kila mmoja wetu alikuwa na sababu ya kuikumbuka nyumba yake. Vitu vilikuwa ghali kupita kiasi. Visiwa vile huleta karibu kila kitu kwa meli, hata mchele, na soda moja ilinigharimu pesa ambayo Singida ningekula nayo wali na nyama. Kupiga simu nyumbani ndiko kulikonimaliza kabisa. Niliongea na mke wangu kwa muda wa kuulizana hali ya watoto tu, salio likakatika kabla sijamwambia kwamba nampenda, na nilikuwa nimedhamiria kumwambia.

Sababu ya kwenda tuliijua sote. Kanali Mohamed Bacar alikuwa ameshikilia kisiwa cha Nzwani, ambacho kwenye ramani huandikwa Anjouan. Muda wake wa urais wa kisiwa uliisha mwaka 2007, akaandaa uchaguzi wake mwenyewe, akajitangaza mshindi. Umoja wa Afrika ulimwekea vikwazo, hakushtuka. Rais wa Muungano wa Komoro, Ahmed Abdallah Sambi, naye ni mzaliwa wa Nzwani hiyohiyo, akaomba msaada wa kijeshi. Tukaja sisi Watanzania na Wasudani kupigana bega kwa bega na askari wa Komoro. Senegal na Libya nazo zikatoa msaada wao. Mwenyekiti wa Umoja wa Afrika wakati ule alikuwa Rais wetu, Jakaya Kikwete. Niliamini kwamba tunakwenda kutenda haki, na mpaka leo naamini.

Lakini kuna mvuvi mmoja wa Fomboni alinipa swali la kulala nalo. Tulikuwa tunamtazama akishona wavu wake, akasema kwa lugha yao, pole pole ili tuelewe, kwamba wenye bunduki siku zote huwajia kwa bahari. Akamtaja Bob Denard, yule Mfaransa mamluki, aliyeshuka mwaka 1978 na kuipindua serikali, kisha akarudi tena mwaka 1995 na vijana wake. Halafu akaniangalia mimi, si wenzangu, akauliza: na nyinyi mtaondoka lini? Nikamjibu kazi ikiisha. Akarudi kwenye wavu wake.

Tulipakiwa usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 25 Machi. Chombo kilijengwa kwa ajili ya mizigo, na mizigo ilikuwa sisi. Hapakuwa na pa kukaa. Tulibanana juu ya mabegi yetu, magoti ya mwenzako mgongoni mwako, harufu ya dizeli ikituzunguka. Midomo ya bunduki tulikuwa tumeifunga plastiki isiingie maji ya chumvi. Mwezi ulikuwa na siku nne tu tangu uwe mpevu, mweupe juu yetu, na kila mtu aliwaza jambo lilelile: kama sisi tunaonana nyuso, wao je?

Pembeni yangu alikuwa koplo mmoja Mpemba. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa anapumua kama mtu aliye kwao. Alinusa hewa akasema kaskazi imechoka, upepo si kitu, ila kuna mawimbi ya mbali yanakuja chini chini na hayo ndiyo yatakayotusumbua. Hakukosea. Tulipoiacha Mwali chombo kikaanza kupanda na kushuka, na kila kiliposhuka tumbo langu lilibaki juu. Nilitapika mpaka nikawa natoa nyongo. Koplo akanishika shingo kwa nyuma, akaninong'oneza: "Tazama mbali, ndugu yangu. Usitazame maji ya karibu, tazama mbali." Nikatazama mbali. Kulikuwa na weusi mrefu unaoinuka kutoka baharini kama ukuta. Ndiyo Nzwani yenyewe, milima mitupu, kilele chake kinapita mita 1,500.

Hakuna aliyezungumza. Huku mtu anasoma Yasini kwa sauti ya chini, kule mwingine anahesabu rozari, na kati yao mimi, niliyekuwa nimeacha kanisa kwa miaka mingi, nikatafuta maneno nikakuta nimebakiwa na sala ya chakula. Nikaisali hiyohiyo.

Amri ya kushuka ilikuja kabla ya mapambazuko. Niliruka nikidhani maji ni ya magoti, yakanifika kifuani. Begi likanivuta nyuma, buti zikateleza kwenye mawe meusi ya volkano, chumvi ikaniingia puani, na kwa muda nilioona mrefu mno nilikuwa napigana na bahari tu. Adui nilikuwa nimemsahau. Mtu alinishika mkanda akanivuta. Mpaka leo sijui alikuwa nani.

Na hapo, mwili ukichuruzika maji, nikasikia adhana ya alfajiri. Ilitoka mjini, msikiti mmoja kisha mwingine, sauti zikifuatana juu ya paa za Mutsamudu, mji mkuu wa Nzwani. Niliyasikia midomoni mwa koplo majibu yake, polepole, neno kwa neno, bunduki ikiwa begani. Risasi za kwanza kutoka upande wa juu zilikuja adhana ikiwa haijaisha.

Mapigano yenyewe sitayaeleza sana. Tulikimbia, tukalala, tukainuka. Wenzetu wengine walielekea Ouani kwenye uwanja wa ndege, wengine Domoni upande wa pili wa kisiwa. Askari wa Bacar walikuwa mia kadhaa, na wengi walipoona tumeshafika nchi kavu waliacha magwanda wakapotelea vichochoroni. Mutsamudu ni mji mkongwe, njia zake nyembamba kiasi kwamba ukinyoosha mikono unagusa kuta za pande zote mbili. Kombania yetu haikupoteza mtu. Namshukuru Mungu kwa hilo.

Kijana tulimkuta nyuma ya ukuta wa mawe, bunduki yake ameitupa mbali naye. Risasi imempitia paja. Hakuzidi miaka ishirini na miwili. Nilimwelekezea mtutu nikamfokea kwa Kiswahili anyooshe mikono, akainyoosha mara moja, na hapo ndipo nilipotambua kwamba amenielewa. Kisha akasema: "Madji." Nilikuwa nimefundishwa kwamba adui nitamwona. Hakuna aliyenifundisha kwamba ataniomba maji kwa neno ambalo ni letu, kama vile angeniomba mwanangu.

Nikapiga goti, nikamnywesha kwenye chupa yangu. Alikunywa mpaka akakohoa. Akanitazama usoni akasema: "Marahaba."

Damu ikanipanda. Mimi mtu mzima wa miaka thelathini na minne, nimemfikishia maji kinywani, halafu ananijibu marahaba kana kwamba nimemwamkia shikamoo! Niliona ananidharau mbele ya wenzangu. Mkono ulishainuka. Namshukuru mzee aliyetokea mlangoni pale jirani, kanzu na kofia, mikono juu, akisema kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka: "Mwanangu, taratibu. Huyo anakwambia ahsante. Kwetu marahaba ndiyo ahsante."

Mkono ukashuka wenyewe. Nikamwamkia mzee, shikamoo, akaniitikia marahaba, ya kwetu sasa, akatabasamu kidogo. Tabibu wetu akamfunga kijana jeraha, na baadaye gari likamchukua. Nimeishika picha ya mkono wangu ule ulioinuka kwa miaka yote hii.

Bacar mwenyewe hatukumpata. Alivuka kwa mashua kwenda Maore, ambayo iko chini ya Ufaransa, na kutoka huko akapelekwa Réunion, mwishowe Benin. Watu walikasirika sana, na sisi pia.

Siku zilizofuata, nikiwa zamu ya doria mtaa ule, mzee alinikaribisha barazani kwake. Umeme ulikuwa wa kubahatisha na mafuta haba baada ya miezi ya vikwazo, lakini chai yenye karafuu haikukosekana. Alizaliwa Malindi, Unguja, katika familia ya Wangazija na Wanzwani waliohamia huko zamani. Baada ya Mapinduzi ya 1964 walirudi, yeye akiwa kijana, na hakukanyaga tena. Aliniuliza habari za Darajani, habari za madrasa aliyosoma. Aliniuliza kama Forodhani jioni bado wanauza pweza.

Nilimwambia kweli: sijawahi kufika Zanzibar. Akanitazama kwa mshangao. "Umevuka bahari yote hii na bunduki, na Unguja hapo hujafika?" Hakusema kwa kunisimanga. Aliniuliza kama mtu anavyouliza kwa nini hujamtembelea mama yako, nami sikuwa na jibu.

Nilifika mwaka 2011, na mke wangu, kwa boti iliyokuwa na viti, na bado nilishika chuma cha mbele yangu njia nzima. Forodhani ilikuwa imetengenezwa upya. Muuzaji alinitajia bei ya mgeni, tukabishana, nikalipa. Pweza alikuwa mtamu, amebanikwa vizuri, na ndimu. Nilisimama na pweza wangu ukutani nikitazama upande wa kusini. Sina anwani ya mzee wala simu yake, na kama angali hai atakuwa amezeeka sana. Nilitaka tu apate habari kwamba bado wanauza.