Nilivyoupata tena mkono wangu wa spini

Februari 24, 2003 nilikuwa na miaka 12, nimeketi kwenye nyasi za Nairobi Gymkhana, nikimtazama Collins Obuya wa Kenya, kwenye Kombe la Dunia la kriketi, akiwaondoa wapigaji wa Sri Lanka mmoja mmoja. Wiketi 5, yaani wapigaji watano aliowatoa, kwa mikimbio 24, yaani pointi walizompata. Jayawardene, Sangakkara, Aravinda de Silva, wote walinaswa na spini yake, mpira unaozunguka na kupinda ukidunda, na Kenya ikashinda kwa mikimbio 53. Usiku huo nililala na chungwa mkononi, nikilizungusha.

Spini hiyo husokotwa kwa kifundo cha mkono. Kidole cha shahada na cha kati hukaa juu ya mshono wa mpira, cha pete hujikunja ubavuni, na hicho cha pete ndicho chenye kazi. Mshono hukikwaruza kila unapoachia mpira, mpaka ngozi inachubuka. Kwa miaka mingi kidole changu hakikukosa kidonda.

Nilipofika miaka 24, mpigaji mmoja aliuvusha mpira wangu mpaka wa uwanja mara tatu ndani ya ova moja, yaani mipira sita. Tangu siku hiyo niliingiwa na hofu. Nikawa narusha kwa haraka, mpira chini chini, haupindi hata kidogo. Nahodha akaacha kuniita. Nilimuwaza sana Obuya: baada ya Kombe lile alikwenda Warwickshire, Uingereza, lakini spini yake haikung'ara tena vile, akageukia kupiga, na mwaka 2011 akafunga mikimbio 98 dhidi ya Australia bila kutolewa. Mimi kupiga sijui.

Jioni moja naosha vyombo, nikakitazama kidole cha pete. Kimepona kabisa, laini kama cha mtoto. Hapo ndipo nilipoelewa: nilikuwa nimeacha kuusokota mpira bila kujijua.

Nikaanza upya. Wiki tatu nilirusha ukutani kutoka umbali wa hatua sita tu, nimepiga goti, bila kukimbia, kifundo peke yake. Kisha nikatandika leso uwanjani na kurusha mipira 60 kila asubuhi. Siku ya kwanza saba tu ndiyo iliyoangukia leso. Kulenga kulirudi mapema; kilichonitesa ni kuuachia mpira upae juu ya macho ya mpigaji, polepole, kama ninayemkaribisha aupige. Nilijikumbusha Aasif Karim kule Durban mwaka huohuo wa 2003, na miaka yake 39, akiwarushia Australia ova 8 na mipira 2 kwa mikimbio 7 tu na wiketi 3. Hakuwa na haraka yoyote.

Mechi ya kurudi, mpira wangu wa pili ulivushwa mpaka. Mikono ilinitetemeka. Wa tatu niliupandisha juu zaidi, polepole zaidi; mpigaji akatoka kuufuata, ukakata pembeni, na mlinda wiketi nyuma yake akaangusha vijiti: ametolewa.

Nilimaliza ova 6, mikimbio 34, wiketi hiyo moja. Nyumbani nilipotia mkono kwenye maji ya chumvi, kidole cha pete kiliwasha.