Kichwa changu kilirudi kabla ya homoni kupanda

Kwa mwaka mmoja na nusu nilikuwa nasoma mstari mmoja mara nne. Mimi ni mhasibu, nina miaka 43, na kazi yangu yote ni tarakimu. Naweka kidole chini ya kiasi, nakisoma, nahamisha macho kwenye safu ya pili ili nilinganishe, na kufika huko sikumbuki nilikuwa natafuta nini. Hesabu za kufunga mwezi, ambazo zamani nilizimaliza kwa siku mbili, zikawa zinanichukua wiki. Hamu nayo ikakauka: ya kazi, ya mazoezi, hata ya mke wangu.

Kila mwanamume niliyemgusia jambo hili alinipa jibu lile lile: "Hiyo ni testosteroni imeshuka, kaka. Umri huo." Walimaanisha homoni ya kiume, na walilisema kwa uhakika wa watu waliowahi kunipima wao wenyewe. Ushauri ule ulinigharimu miezi mingi na fedha nisizotaka kuzihesabu, na ndiyo sababu naandika.

Nikaenda kupima. Nilitoka kazini, nikala, nikafika maabara saa tisa alasiri, tena usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimelala kwa muda wa saa nne tu. Majibu: 262 nanogramu kwa desilita. Nilishajua kwamba madaktari wengi huanza kuhesabu upungufu chini ya 300, kwa hiyo niliikunja karatasi ile nikaitia mfukoni nikijua mchawi wangu nimemkamata.

Nilianza na vidonge vya "kuongeza testosteroni". Chupa mbili, vidonge vinne kwa siku. Wiki mbili za kwanza, nawaambia kweli, nilijisikia mtu mpya. Niliamka mapema, nilipanga meza yangu, nilimpigia rafiki yangu wa mazoezini kumsifia dawa. Wiki ya tatu nikarudi palepale kwenye mstari wangu mmoja mara nne. Nikaongeza vidonge hadi sita, na sikuona badiliko lolote isipokuwa tumbo kuchafuka.

Baadaye nilisoma habari za Brown-Séquard, mwanasayansi mashuhuri mzaliwa wa Morisi, nikamhurumia kama ndugu. Mwaka 1889, akiwa na miaka 72, aliwatangazia wenzake jijini Paris kwamba amejidunga maji yaliyokamuliwa kwenye korodani za mbwa na nguruwe-guinea (mnyama mdogo jamii ya panya), na kwamba nguvu za mwili na za akili zimemrudia. Leo tunajua testosteroni karibu haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo ndani ya sindano ile hapakuwa na kiasi cha kumfaa mtu. Alichokisikia kilitokana na matumaini. Kama mwanasayansi wa kiwango kile alidanganywa na matumaini, mimi na chupa zangu mbili ningeponea wapi?

Rafiki yangu hakukata tamaa. Yeye alikuwa anajidunga sindano za testosteroni, na alikuwa na mtu wa kunipatia. "Miezi miwili tu utanishukuru," aliniambia. Nilikuwa nimeshakubali. Kilichonizuia ni kwamba mimi na mke wangu tulikuwa tunatafuta mtoto wa pili, nikasema ngoja nimuulize daktari kwanza kama kuna madhara kwa jambo hilo.

Daktari, mama wa makamo asiyepaza sauti, aliweka kalamu chini. Alinieleza kwamba korodani hufanya kazi kwa amri kutoka kichwani: tezi ya pituitari hutuma homoni mbili, moja ya kuamsha utengenezaji wa testosteroni, nyingine ya kusaidia kuzalisha mbegu. Ukijidunga testosteroni ya nje, ubongo unaona imejaa na unakata amri zote mbili. Mbegu zinapungua, kwa wanaume wengi zinakwisha kabisa, na kurudi kwake ni kwa miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Shirika la Afya Duniani lilishawahi kuijaribu sindano hiyo kama njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume, na ilifanya kazi! Nilikaribia kujidunga dawa ya kuzuia mimba huku natafuta mtoto. Rafiki yangu naye hakuwa analijua hilo, na hakuna aliyemwambia alipoanza.

Kisha daktari akaichukua ile karatasi yangu. "Ulipimwa saa ngapi?" Nikamwambia. Akairudisha mezani. Testosteroni huwa juu asubuhi na hushuka mchana, chakula huishusha, usingizi haba huishusha. Kipimo cha maana hutolewa kati ya saa moja na saa nne asubuhi, kabla ya kula, mtu akiwa si mgonjwa, na kinarudiwa siku nyingine kabla ya kusema lolote. Nikapimwa hivyo mara mbili: 341, halafu 329. Ni kiwango cha chini, lakini kimo ndani ya kawaida. Tezi ya pituitari ikaonekana nzima. Basi mchawi wangu hakuwa huyo.

"Unakoroma?" akaniuliza.

"Hapana, daktari."

"Umejuaje?"

Sikuwa na jibu. Usiku huo nikaweka simu kwenye kiti karibu na mto, nimeizima mtandao, nikawasha kinasa sauti. Asubuhi nikajifungia chumbani na visikilizi. Dakika ishirini za kwanza ni shuka tu na pumzi za kawaida. Halafu mkoromo ukaanza, mzito, wa kupanda ngazi. Halafu kimya. Nilidhani simu imekata. Nikaangalia, kinasa kinaendelea. Nikaanza kuhesabu: kumi, kumi na tano, ishirini, ishirini na saba. Kisha nikajisikia mwenyewe nikivuta hewa kama mtu anayetolewa majini, kitanda kikalia, mkoromo ukaanza upya. Nikasogeza mbele nusu saa: yale yale. Nikasogeza saa mbili: yale yale. Jasho lilinitoka nimekaa palepale.

Nilimsikilizisha mke wangu. Alisikiliza kidogo tu akavua visikilizi. "Nilikuwa nakusukuma ili upumue," akasema. "Kila usiku. Nilidhani unajua."

Kama kuna jambo moja ningemwomba mwanamume mwenye dalili kama zangu alifanye kabla ya kununua chochote, ni kurekodi usiku wake mmoja, au kumuuliza anayelala naye.

Kipimo cha usingizi kilionyesha kwamba pumzi yangu inakatika au kufifia wastani wa mara 34 kwa saa. Chini ya 5 ndiyo kawaida, na kuanzia 30 huhesabiwa kuwa kali. Ubongo wangu ulikuwa unashtuliwa mara 34 kila saa, kisha nauamrisha asubuhi ulinganishe safu mbili za tarakimu.

Nikapewa mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ya puani. Wiki ya kwanza nilikuwa naivua usingizini bila kujua. Kilichonisaidia ni kuivaa nikiwa macho, nimekaa nasoma, saa moja kila jioni, mpaka uso ukaizoea. Usiku wa tisa nikaamka nayo bado imekaa vizuri.

Siku kama ya kumi na mbili nilikaa na hesabu za mwezi saa mbili asubuhi, na nilipoinua kichwa ilikuwa saa sita na nusu. Sikuwa nimesoma mstari wowote mara mbili. Nilibaki nimeshika kalamu, macho yananilenga machozi.

Baada ya wiki sita nikapima tena, asubuhi, bila kula: 338. Testosteroni ilikuwa palepale. Umakini umerudi, ari imerudi, hamu ya mke wangu imerudi, na namba ile haijasogea! Hili ndilo ninalotaka walionishauri walisikie. Ni kweli kwamba usingizi unaigusa homoni yenyewe: watafiti wa Chicago walichapisha mwaka 2011 kwamba vijana kumi wenye afya, waliolazwa saa tano tu kwa usiku kwa wiki moja, testosteroni yao ya mchana ilishuka kwa asilimia 10 hadi 15. Ila kwangu mimi kichwa kilichoka kwa kukosa usingizi, na homoni ilikuwa imesimama pembeni inasingiziwa.

Namba ilipanda baadaye, nilipopunguza kilo 14 kwa muda wa miezi kumi: 455. Mafuta ya tumboni yana kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa estrojeni, homoni ya kike, na unene pia hushusha protini inayoibeba kwenye damu. Wenye uzito kama wangu wasilidharau hilo.

Sisemi dawa ya testosteroni haina watu wake. Wapo ambao korodani au pituitari zao zimeumia kweli, na wao huihitaji. Lakini hata jaribio kubwa la Marekani kwa wanaume 790 wa miaka 65 na kuendelea, wote wenye kiwango chini ya 275, lilionyesha baada ya mwaka mmoja kwamba hamu ya tendo iliongezeka na moyo ulichangamka kidogo. Kumbukumbu yao haikuipita ya waliopewa dawa ya kuigiza isiyo na kitu ndani. Na anayeitumia anatakiwa kupimwa damu mara kwa mara, maana inaweza kuwa nzito kupita kiasi. Rafiki yangu hakuwahi kupimwa hata mara moja tangu aanze. Nilikwenda naye kwa daktari yule yule mwezi uliopita.

Mashine yangu inavuma taratibu usiku kucha. Mke wangu anasema ameizoea, na kwamba miaka miwili hakujua kuwa naye alikuwa halali.