Bushi, barafu na maji ya bamvua

Saa 11 alfajiri

Punda wa jirani huniamsha kabla ya adhana, na sijui kwa nini bado naweka kengele ya simu. Baada ya sala nafungua mlango wa kiwanda. Kwetu Lamu, kiwanda ni ule ua wa ndani wa nyumba ya mawe, unaopata mwanga kutoka juu. Kwingine ukisema kiwanda watu wanafahamu mahali pa kutengenezea vitu. Kwangu ni vyote viwili: pale nyanya alipokuwa akipepeta mchele ndipo lilipo kerezo langu, mashine inayozungusha chuma ili kisu kikikate, limefunikwa turubai.

Nalifunua, nalifuta mafuta niliyolipaka jana usiku, natazama kama kutu imeanza. Hewa ya hapa ina chumvi, na chuma kilichong'aa hakilali usiku mmoja bila mafuta kikaamka salama.

Kerezo lenyewe lilitoka Mombasa, la mkono wa pili, karibu kilo 400. Lilifika Mokowe, upande wa bara, kwa lori, likavuka kwa mashua, kisha likakwama kwenye uchochoro wa mtaa wa Mkomani ambao punda wawili hawapishani bila kugombana. Ikabidi tulifungue lote na kulibeba vipande vipande. Mzee mmoja aliyekuwa barazani alituuliza kama tunahamisha mzinga. Babu yangu alikereza miguu ya vitanda kwa kerezo la mti la kuvutwa kwa kamba. Lake angeweza kulibeba begani.

Saa 1 asubuhi

Nahodha wa Kizingitini, kisiwani Pate, ameshafika. Namsikia akipiga hodi huku mpwa wangu, ambaye ndiye mwanafunzi wangu, bado anafagia.

"Sabalkheri, fundi."

"Sabalkheri, nahodha. Karibu. Kuna nini?"

Akafungua kikoi juu ya meza. Ndani yake mlikuwa na bushi, bomba fupi linaloshika shafti ya panga (panga la kusukumia chombo), ile inayokaa mkiani mwa chombo ambapo shafti inatokeza majini. Wamekiegesha chombo ufuoni Wiyoni kwenye maji ya alfajiri, maji yalipotoka wakaichomoa. Safari nzima ya kuja chombo kilikuwa kikitetemeka, na maji yakiingia.

Leo ni bamvua, siku ambazo maji hujaa na kutoka kuliko kawaida. Maji yatajaa tena karibu saa 10 alasiri, ndipo chombo chake kitaelea na kurudi kwa njia ya Mkanda, ule mkondo kati ya Manda na bara. Akikosa maji haya, atalala hapa. Na kabla ya kuelea kuna kitu kingine: saa 8 mawimbi yatakuwa yameshagusa mkia wa chombo, na bushi haitiwi ndani ya maji. Kwa hiyo sikuwa na muda hadi saa 10. Nilikuwa na muda hadi saa 7 na nusu.

"Inaweza kuwa?"

"Kwanza nipime."

Saa 2

Nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu watu wengi wanadhani kazi yangu ni kukata chuma. Kukata ni sehemu ndogo. Anayeniletea kifaa kilicholika ananiambia, "Nitengenezee kama hiki." Nikimtengenezea kama hiki, nitamtengenezea kifaa kibovu. Kazi ni kujua kilikuwaje siku kilipokuwa kipya, na kilicholika ni shahidi asiyeaminika.

Bushi hii, kwa mfano. Tundu la ndani lilikuwa limekuwa yai: upande mmoja milimita 37.2, upande wa pili 36.1. Nje ilikuwa 50.6, imezungushiwa ukanda wa bati la mkebe wa maziwa. Maandishi ya mkebe bado yanasomeka. Fundi aliyeitengeneza mara ya mwisho aliikereza ndogo, ikacheza ndani ya tyubu, lile bomba la mkiani ambamo bushi hukaa, akaikaza kwa mkebe. Simlaumu sana, huenda alikuwa anakimbizana na maji kama mimi. Lakini vipimo vyake sikutaka kuvirithi.

"Mjomba, si tuifanye 35 tu?" mpwa wangu akauliza. Shafti ilishaletwa, imelala juu ya magunia, na yeye alikuwa ameshaiwekea kipimo: 34.6 pale palipokuwa na bushi.

Nikamwambia atafute mahali ambapo hapajawahi kusuguliwa na kitu. Akaifungua kapilingi, kiungo cha shafti na injini, akasafisha grisi, akatia maikromita. 34.92. Akapima tena. 34.92.

Hapo nikacheka, maana hiyo si 35 iliyopungua. Hiyo ni inchi 1⅜, ambayo ni milimita 34.925. Chombo hiki kilijengwa kwa inchi, na kila aliyekigusa baadaye alikuwa akikipimia milimita. Kama shafti ni ya inchi, basi tyubu nayo huenda ni ya inchi 2, yaani 50.8. Nikachukua kipimo cha ndani, tukashuka na nahodha mpaka Wiyoni, nikalala mchangani chini ya chombo, kichwa kwenye kaa wadogo. Tyubu ikanipa 50.80 huku na huku, kavu, haijalika. Nahodha alidhani nimekuta hitilafu mpya kwa jinsi nilivyopiga kelele.

Likabaki tatizo la shafti. Pale penye 34.6 ni bonde linaloizunguka shafti, lililochimbwa na mchanga kwa miaka. Bushi siwezi kuitoboa kwa kipimo hicho, kwa sababu ili ifike pale lazima ipite kwanza juu ya sehemu iliyo nzima, ambayo ni nene zaidi. Na nikitoboa kwa kipimo cha sehemu nzima, pale palipolika patacheza. Shafti mpya ya stenlesi hatuna, na hata tungekuwa nayo siku ingeisha. Nikaamua kuirefusha bushi. Ya zamani ilikuwa milimita 100. Hii ningeifanya 130, zile 30 ziingie ndani zaidi, zikae juu ya chuma ambacho hakijawahi kuguswa. Si dawa ya kudumu, na nilimwambia hivyo nahodha mapema.

Saa 3

Kipande cha bronzi nilikuwa nacho, fimbo ya kipenyo cha milimita 55, nimeitunza kama dhahabu. Kwa baharini situmii shaba ya njano. Ile ina zinki, na maji ya chumvi huila zinki polepole na kuacha shaba nyekundu yenye vitundu kama sifongo. Bronzi ni shaba na bati, inavumilia.

Nikaifunga kwenye mataya ya kerezo, mwendo mizunguko 150 kwa dakika. Bronzi haitoi nyuzi ndefu kama chuma. Inatoa chenga zinazoruka na kuingia kwenye mikono ya shati, na ni za moto. Nikatoboa kwa keekee kubwa, kisha nikaanza kupanua tundu kwa kisu kirefu kinachoingia ndani. Kisu kirefu hivyo kinapinda kidogo kikisukumwa. Ndiyo maana ukishapita mara moja, ukirudi tena bila kuongeza hata unywele, bado kinakata. Asiyelijua hilo atapima, aongeze, na kisu kitachukua zaidi ya alichoomba. Mpwa wangu ameshaniharibia vipande viwili kwa njia hiyo, nami nilimharibia mwalimu wangu vingi zaidi.

Kerezo likianza kuimba, napunguza mwendo. Mlio ule si mzuri. Tundu linatoka na mawimbi.

Saa 4 na dakika 20

Stima ikapotea.

Kisu kilikuwa ndani ya tundu, kimebaki karibu robo ya milimita. Jambo la kwanza ni kukirudisha nyuma kwa mkono, maana umeme ukirudi ghafla kisu kikiwa kimegusa, kitachora alama. Jambo la pili ni kungoja. Nahodha alikuwa barazani, nikatoka na kahawa. Hakuniuliza itarudi lini. Alikaa akitazama kivuli cha ukuta wa upande wa pili, na mimi nikakitazama pia, na wote wawili tulijua tunahesabu nini.

"Baba yangu alikuwa na jahazi la tanga," akasema baadaye. "Hakungoja stima."

"Alingoja upepo."

"Ee. Lakini upepo alikuwa anaujua."

Saa 5 na dakika 5 ikarudi. Dakika 45, na kivuli kilikuwa kimeufikia mlango.

Saa 6

Ndani nikamaliza kwa 35.06. Shafti ni 34.92, na nataka nafasi ya kama sehemu ya kumi ya milimita ili maji yapite na mchanga mdogo usikwame. Hizo 0.04 za ziada ni kwa sababu bushi ikibanwa nje, tundu la ndani nalo linajikunja kidogo.

Nje nilitaka 50.83, zaidi ya tyubu kwa 0.03, ibane yenyewe bila mkebe. Hapa ndipo haraka inapomponza mtu. Bronzi iliyotoka kukatwa ni ya moto, na ikizidi joto la kawaida kwa digrii 30 tu, kipenyo kama hiki kinavimba karibu 0.03. Yaani ningepima 50.83 nikafurahi, ikipoa ingekuwa 50.80, ikaingia tyubuni kwa kusukumwa na kidole na kutoka vivyo hivyo. Nikaimwagia maji, nikaifuta, nikaenda kuswali adhuhuri, niliporudi nikapima. 50.85. Nikapitisha kisu mara ya mwisho, chenga zikawa laini kama unga.

Mifereji minne ya maji nikaichonga ndani kwa patasi, huku nimeibana bushi kwenye jiliwa lenye mbao mbili ili mataya yasiichubue.

Saa 7

Wavuvi wana masanduku ya barafu, na mimi nina mke mwenye chumvi jikoni. Barafu peke yake inaishia sifuri. Ikitiwa chumvi inashuka hadi karibu digrii 20 chini ya sifuri.

"Yeo nini tena?" mke wangu akauliza alipoona nimeshika pakiti.

"Bushi ya nahodha."

"Na samaki nitawatia nini?"

Sikuwa na jibu zuri. Tukaizika bushi ndani ya sanduku, barafu na chumvi juu yake, mpwa wangu akalibeba kichwani mpaka Wiyoni. Kutoka joto la hapa hadi baridi ile, bushi inapungua karibu 0.05. Kwa hiyo kitu kinene kuliko tundu lake kinakuwa chembamba, kwa muda mfupi sana.

Saa 7 na nusu maji yalikuwa hatua kumi hivi kutoka kwa chombo. Tyubu nimeifuta, kipande cha ubao mkononi, nyundo ya mti karibu. Nikaitoa bushi kwa kitambaa. Ilikuwa inatoa moshi mweupe wa baridi na vidole vikaniuma. Ikaingia. Inchi mbili, tatu, nne, bila sauti. Ya tano ikaanza kugoma kwa sababu tyubu ilikuwa imepigwa jua na bushi inapata joto. Nikaweka ubao, nahodha akapiga mara mbili, ya tatu sauti ikabadilika: kutoka mlio wa kitu kinachotembea hadi mlio wa kitu kilichofika. Shafti tukaipitisha, nikaizungusha kwa mkono mmoja.

Nahodha naye akaizungusha. Halafu tena. Hakusema kitu, akaanza kufunga panga huku maji yakimfikia vifundoni.

Saa 9

Mchana watu wanalala na majirani zangu wana wazee, kwa hiyo grainda haiwashwi mpaka baada ya alasiri. Nilifanya kazi za mkono. Pini ya kapi ya jahazi, ya shaba ya njano, imekatika. Pale ilipovunjikia ni rangi ya waridi, zinki imeshaondoka. Nikamkatia mwenyewe ya stenlesi na kumwonyesha ile waridi, akaitia mfukoni akawaonyeshe wenzake.

Mkulima wa kijiji cha Hindi, kule bara, naye alileta pampu ya maji yenye injini kuukuu ya Kiingereza. Mtu alilazimisha bolti ya milimita 12 kwenye hesi (meno ya skrubu) ya nusu inchi, ikaingia mizunguko mitatu na kukata meno yote. Hesi za kale za Uingereza zina pembe ya digrii 55, kama mhandisi Whitworth alivyozipanga mwaka 1841. Za milimita ni 60. Haziwezi kuoana hata ukizipaka asali. Hiyo nimeiacha ya kesho.

Saa 1 usiku

Simu. Wameshapita Mkanda. Hakutetemeki, maji yanaingia tone tone kama inavyotakiwa. Nikamkumbusha shafti: aagize stenlesi ya inchi 1⅜, si 35, na asikubali akiambiwa ni kitu kimoja. Akasema ataniletea changu akirudi.

Nikalipaka kerezo mafuta, nikafagia chenga za bronzi kwenye mkebe wake, maana hizo zinauzwa. Ukanda wa mkebe wa maziwa nimeupigilia ukutani juu ya meza ya mpwa wangu.

"Na chumvi yangu?" sauti ikatoka jikoni.

Nikavaa ndara nikaenda dukani kabla hawajafunga.