Muulize mwenyewe

Najua nilisema wiki hii ni ya kaka. Karudi kutoka Mogadishu alikokuwa na jeshi, mzima alhamdulillahi, mikono miwili miguu miwili, nyama ikaliwa mpaka watu tusiowajua wakaja na sahani zao, halafu kazini nako wamenipa barua, sasa mimi ni mwajiriwa kabisa sio wa kibarua tena. Yote mazuri, yote nitayaandika, lakini leo siwezi, manake kuna maneno mawili ya habuba, bibi yangu, yananizunguka kichwani tangu Jumapili na nisipoyatoa hapa sijui nitayapeleka wapi.

Ilikuwa hivi. Wageni wameshatawanyika, habuba amekaa barazani kwake kule Bombo, nje ya Kampala, anasuka kile kifuniko cha zambarau na njano, mnakijua, kile kisichoisha. Nikamletea chai. Akapokea kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia umeshika sindano na uzi wa ukindu bado unadondosha maji, kidole gumba chote kimeingia rangi mpaka kwenye kucha. Akanitazama usoni kidogo, akasema,

"Ah. Umekuja wewe."

"Ni mimi habuba, kwani nani mwingine?"

"Nilifikiri ni yule anayeimba."

"Nani anaimba?"

"Mwenzio. Jana usiku kakaa hapo hapo ulipo, kaniimbia mpaka usingizi ukanichukua."

"Aliimba nini?"

"Muulize mwenyewe."

Akarudi kwenye sindano. Basi. Hakukasirika, hakucheka, aliongea vile ungemwambia mtu anayetaka kujua kama jirani ana chumvi. Mimi nimebaki nimesimama na sinia.

Muulize mwenyewe!

Kwa mgeni humu, mwili huu mmoja tunakaa wanne kwa zamu, mimi, Zuhura, Afande na mdogo, madaktari wanaiita DID, hali ya nafsi kugawanyika. Zuhura mnamjua. Ndiye mwenye viatu vyekundu, ndiye alimkopesha yule msichana wa saluni pesa yangu ya kodi. Afande mnamjua zaidi, nusu ya malalamiko humu ni yake, na mdogo nimeamua simsemi sana kwa sababu hapendi. Lakini kwa miaka yote hii sijawahi kusikia kwamba Zuhura anaimba. Mimi siimbi. Shuleni mwalimu wa muziki aliniweka mstari wa nyuma akaniambia nifungue mdomo tu. Sauti ni hii hii moja, koo ni hili hili, sasa huo wimbo anautoa wapi?

Nikajikuta kwenye taksi ya kurudi Kampala naurudia huo mkutano mdogo wa chai. Bombo mpaka Matugga nikajibu hivi, Matugga mpaka Kawempe nikajibu vile. Mara nikamjibu habuba kwa ukali, nitamuulizaje na wakati yeye yupo mimi sipo? Mara nikajifanya sijasikia. Mara nikakaa chini pale mkekani nikasema basi nionyeshe alivyokaa. Kondakta akaniita mara nyingi, "nyabo, nyabo, pesa," abiria wa mbele wakageuka.

Na kilichokuwa kinaniuma, ngoja nikiseme tu, ni wivu. Mimi ndiye ninayeamka saa kumi na moja kwenda soko la Kikuubo kuhesabu mabeseni na sufuria za watu. Mimi ndiye ninayelipa nyumba, ninayepanga foleni ya ndagamuntu, kitambulisho cha taifa (vidole ni kumi tu kwa wote wanne, angalau hapo serikali haikuchanganyikiwa), ninayemnunulia habuba dawa ya presha. Halafu mtu anakuja usiku mmoja, hata kikombe haoshi, anapata kichwa cha habuba begani. Mimi habuba akinilalia begani ni kwa sababu taksi imepiga kona.

Watu wanadhani hii hali ni kama sinema, shingo inageuka, sauti inakuwa nzito, mtu anachukua kisu. Kisu gani? Kile kitabu kikubwa cha Wamarekani cha magonjwa ya akili, toleo la 2013, kinasema zaidi ya asilimia 70 ya wagonjwa wa hali hii wanaotibiwa wakitokea nyumbani wamewahi kujaribu kujiua. Sisi ndio tunaoumia. Wa kwenye sinema ndio wanaoua. Na kubadilika kwenyewe mara nyingi hata aliyekaa karibu hagundui, labda aone nimeshika kikombe tofauti, au nimenyamaza. Mimi mwenyewe ninachokiona ni pengo. Niko dukani asubuhi mteja anabishana bei ya madumu, halafu jua linazama niko Kawempe nimeshika mfuko wa parachichi. Na kinachochosha sio lile pengo, ni kwamba hakuna anayeshangaa. Kwao mtu hakuondoka. Bosi anasema "kama tulivyokubaliana saa nane" na mimi naitikia ndiyo, huku nahangaika kichwani tulikubaliana nini.

Sababu zenyewe sizirudii, mambo ya utotoni kule Arua niliyaandika mara moja na inatosha. Ila yule daktari wangu wa mazungumzo alivyonieleza ndiyo ilinitulia: mtoto mchanga hazaliwi na nafsi moja iliyoshikana, ana vipande vipande, kuna wa njaa, kuna wa usingizi, kuna wa kumtaka mama, na kadiri anavyokua salama vinashikana taratibu vinakuwa mtu mmoja. Sasa mtoto anayeumizwa tena na tena miaka ile ya mwanzo, na anayemuumiza ndiye huyo huyo anayempikia, vipande havishikani. Mmoja anabaki na maumivu, mmoja anabaki na hasira, na mmoja anakwenda shule akiwa hajui lolote. Huyo wa shule ni mimi. Nilikuwa nafaulu sana, muulizeni mtu yeyote.

Kabla ya daktari huyu nilipita hospitali moja wakaniandikia skizofrenia, nikameza vidonge vya kunilaza mchana na usiku, Afande alikuwa bado anaongea ila anaongea polepole. Sauti zangu ziko ndani ya kichwa kama watu wa chumba cha pili, sio dirishani, lakini nani aliniuliza ziko wapi? Ukisema tu unasikia sauti umeshamaliza. Dawa yake hasa haipo, kuna za huzuni na za usingizi zinasaidia pembeni, kazi yenyewe ni kuongea, miaka, kwanza usalama ndio mengine yafuate. Na sio lazima mwisho wake tuunganishwe tuwe mmoja, wengine wanafika huko, wengine wanajifunza kukaa nyumba moja bila kuchomana.

Na kabla ya hospitali ilikuwa sheikh. Habuba mwenyewe ndiye alinipeleka, alinishika kichwa kwenye mapaja yake kisomo kinasomwa, maji yananyunyizwa, mimi nikapotea. Nilivyosimuliwa ni kwamba Afande alikaa wima akamwambia sheikh atoe mkono. Sheikh akauliza jina. "Afande." Sheikh akamgeukia habuba akasema huyu jini ni wa jeshini. Kaka mpaka leo akiwa na wenzake kambini anaisimulia, wanalia kwa kucheka.

Nilipokuja kusoma ndio nikajua hatukuwa wajinga peke yetu. Kuna daktari wa Kiholanzi, Marjolein van Duijl, alifanya kazi Mbarara, akawachunguza watu waliosemekana wana pepo kule kusini magharibi, akakuta wamepitia mateso mengi kuliko wenzao wasio nayo. Na hicho kitabu cha 2013 kimeandika kabisa kwamba katika jamii nyingine hali hii inaonekana kama mtu kuingiliwa na kiumbe. Nilimsomea habuba nikimtafsiria. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Walikuwa wapi siku zote?"

Ndio maana basi ile ya Jumapili inanichanganya. Mwanamke aliyempeleka Zuhura akatolewe kwa maji na aya, leo ananiambia nimuulize, kama mtu mwenye haki ya kuulizwa. Alibadilika lini? Mimi nilikuwa wapi akibadilika? Swali la kijinga, najua nilikuwa wapi.

Basi Jumatano usiku nikachukua kauntabuku. Kwa aliyesahau, tunayo moja mezani kwa ajili ya kuandikiana, sheria ni moja, hakuna kutukanana. Nikaandika kwa adabu zote, Zuhura habari, habuba anasema unaimba, naomba kujua unaimba nini. Nikaongeza mstari, nikaufuta, nikaongeza tena: na kwa nini mimi hujawahi kuniimbia.

Asubuhi kuna majibu, ile biro yake ya kijani, mwandiko umelala kama umechoka:

"Kwanza lipa mama Hadija elfu nne za mandazi, naona aibu kupita pale. Pili acha kunisema kwa daktari kama vile mimi ni homa. Wimbo hauandikiki. Nikuimbie saa ngapi na wewe ukija mimi natoka? Viatu vyangu viko wapi?"

Chini yake Afande, herufi kubwa, kalamu imekandamizwa mpaka karatasi ya pili:

"VIATU VIKO JUU YA KABATI. MLANGO WA NYUMA ULIKUWA WAZI JANA."

Na pembeni kabisa mdogo kachora kuku.

Jamani nilicheka. Nilicheka peke yangu na mswaki mdomoni mpaka jirani akagonga ukuta. Sijui nilitegemea nini, labda barua ndefu yenye machozi, kumbe naishi na watu wana madeni yao na viatu vyao na hawana muda na mimi. Ile nyama ngumu ya wivu ikalegea yenyewe, sikufanya kitu. Nikapanda kiti nikaangalia juu ya kabati, kweli viko, vimefungwa kwenye gazeti kijeshi, kamba na fundo mbili.

Nikapita kwa mama Hadija nikalipa. Akahesabu noti, akaniangalia, akasema, "Leo mbona huchekicheki, dada? Unaumwa?" Siku nyingine ningebeba hiyo mpaka Ijumaa ya pili. Nikamwambia nimechoka tu mama, nipe na mandazi mawili. Akaniongeza la tatu, nafikiri sio langu.

Jioni nikampigia habuba. Nikamsalimia, nikauliza kifuniko, nikauliza presha, nikazunguka zunguka weee, mwisho nikamwambia nimemuuliza, amekataa kusema.

"Basi kakataa," habuba akasema.

"Lakini wewe habuba si ulisikia?"

"Nilisikia."

"Anaimba kwa Kinubi chetu?"

Akanyamaza, nikasikia redio nyuma yake. "Mwanzo Kinubi. Halafu kuna maneno ya kwa mama yako, Kilugbara, mimi Kilugbara changu ni cha kununulia samaki tu, mama. Sikufika nayo mbali."

Mimi Kilugbara sina hata neno. Salamu tu, na hiyo nimejifunzia hapa Kampala kwa muuza mkaa. Nilijua kimebaki Arua pamoja na kila kitu, kumbe kuna mtu alikibeba, na anakitumia, barazani kwa habuba, usiku nikiwa sipo. Nimewaza kuweka simu irekodi siku nitakayolala Bombo. Daktari akasema nisimvizie mtu, niombe ruhusa kwenye kauntabuku. Nimeomba. Mpaka naandika hapa Zuhura hajajibu, yuko kwenye kiburi chake, au labda anafikiria.

Kazini wanataka sahihi ya mfano kwa ajili ya benki, sahihi moja, isiyobadilika, wapeni pole.

Halafu kuna mbuzi. Kwenye sherehe ya kaka walinunuliwa wawili akachinjwa mmoja, yule wa pili kafungwa kwenye mfenesi wa habuba na tangu juzi hagusi majani, maji anakunywa, tumbo limejaa upande mmoja na anasaga meno. Kaka anasema achinjwe leo leo kabla hajafa, habuba anasema huyu ana mimba na hachinjwi mtu mwenye mimba kwake. Kama kuna anayejua daktari wa mifugo upande wa Bombo au hata Wobulenzi, anayepokea simu usiku na asiyeanza kwa kuuliza mafuta ya pikipiki, naomba mnisaidie haraka.