Ol Doinyo Lengai usiku: mlima wa kushuka

Wengi huudharau Ol Doinyo Lengai, volkano hai ya kaskazini mwa Tanzania, kwa sababu ya namba. Mita 2,962, haufiki hata elfu tatu, na aliyewahi kulala kambi ya Kibo, Kilimanjaro, anauona kilima cha mazoezi. Hesabu yenyewe iko kwingine. Gari linakuacha kwenye kimo cha mita 800 hivi, na kabla jua halijachomoza unatakiwa uwe ukingoni mwa kreta, shimo la volkano lililo juu. Hiyo ni zaidi ya mita 2,000 kwa usiku mmoja. Usiku wa kileleni Kilimanjaro, kutoka Kibo mita 4,720 hadi Uhuru mita 5,895, ni mita 1,175 tu. Lengai hukosi hewa wala huumwi kichwa. Kinachoumia ni magoti, na yanaumia asubuhi, wakati kila mtu anadhani kazi imekwisha.

Mlima hupandwa usiku kwa sababu ya jua. Bonde la Ziwa Natron ni tanuri, njia haina mti wa kujifichia wala tone la maji. Njia ya kawaida iko upande wa magharibi, na hilo lina faida mbili ambazo wapangaji wengi wa safari hawazihesabu. Kwanza mwezi: ukiwa mpevu unapita utosini saa sita usiku, halafu unateremkia magharibi mpaka alfajiri, yaani unamulika ubavu uleule mnaoupanda. Usiku wa mwezi mpevu na siku mbili tatu baada yake ndio wa kuchagua. Mwezi mchanga haufai, unazama mapema na kuwaacha na tochi tupu. Pili, kivuli: jua likichomoza saa kumi na mbili na nusu, mteremko wenu unabaki gizani nyuma ya mlima wenyewe. Ubavu wenye mwinamo wa nyuzi 35 huanza kupigwa na jua saa mbili na zaidi baadaye. Muda huo wa kivuli ndio mtaji wa kushukia. Ukiutumia juu kupiga picha, utaulipa chini.

Kutoka Arusha mnapita Makuyuni na Mto wa Mbu, kisha barabara ya vumbi kaskazini kupitia Engaruka hadi kijiji cha Engare Sero. Ni gari la four wheel, na masika makorongo yanayoikata njia yanaweza kuwazuia nusu siku. Kuna mageti ya ushuru njiani. Kabla ya kulipa dereva, muulizeni kama ushuru wote umo ndani ya bei yake, maana hapo ndipo marafiki huanza kununiana. Fikeni mapema mchana, kuleni saa kumi na mbili jioni, laleni. Kuondoka kambini ni saa tano usiku, kuanza kupanda saa sita.

Mwongozaji ni lazima, na awe Mmasai wa Engare Sero anayepanda mara kwa mara, kwa kuwa mvua ya wiki mbili hubadilisha makorongo kiasi kwamba njia ya mwezi uliopita haipo tena. Kundi la watu sita lichukue waongozaji wawili, afadhali watatu. Ni suala la hesabu, wala si la anasa: karibu kila kundi lina mmoja atakayegeuza katikati, na mwongozaji mmoja akimrudisha, waliobaki nao safari yao imekufa. Au, kibaya zaidi, aliyechoka anaambiwa "tusubiri hapahapa" na kuachwa peke yake kwenye baridi akiwa ameloa jasho. Kubalianeni kambini, kwa sauti, nani atarudi na nani, na kwamba saa kumi na moja unusu mtu ambaye bado yuko mbali na ukingo anageuza bila mjadala. Lengai si hifadhi ya taifa: hakuna askari wa hifadhi wala kibanda cha kulala, na aliyevunjika mguu anabebwa na wenzake.

Maji ni chupa tatu za lita moja na nusu kwa kila mtu, moja ikiwa imechanganywa chumvi za ORS. Ni kilo nne na nusu mgongoni, ndiyo. Unaweza kumwachia mlima chupa ya tatu njiani, kwenye mita 1,500 hivi, ikusubiri wakati wa kushuka. Ifungeni kitambaa chenye rangi kali, na aliyeikariri sehemu awe mwongozaji, si nyinyi, kwa sababu mchana mahali hapafanani na palivyokuwa usiku. Chakula kiwe chepesi cha kutafuna mkiwa mmesimama: viazi vya kuchemsha, chapati, karanga, tende.

Buti ndiyo habari kubwa. Za mitumba ni imara kwa macho, lakini soli laini ya katikati huoza yenyewe ikikaa dukani na stoo miaka mingi, hata kama hazijavaliwa. Ikunje buti kwa nguvu, bonyeza ubavu wa soli kwa kidole gumba: ikimeguka kama keki, iache. Buti zako mpya anza kuzivaa wiki mbili kabla, na beba waya laini au gundi ya utepe ya kufungia soli ikibanduka. Kata kucha za miguu siku mbili kabla. Glovu za ujenzi, zile za ngozi za elfu chache, zinafaa kuliko za baridi, kwa kuwa mikono itakamata mwamba unaokwaruza kama msasa. Tochi ya kichwani iwe na betri mpya na nyingine mfukoni. Kofia ngumu kama mnaweza kukodi Arusha, na sababu yake inakuja.

Vumbi nalo lina tabia yake. Lava ya Lengai haina mfano kwenye volkano nyingine yoyote iliyo hai: imejaa kaboneti za sodiamu, kalsiamu na potasiamu, hutoka na joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi, nyeusi, nyepesi kama oili ya gari, kisha ikipata unyevu inageuka nyeupe. Madini yake mojawapo huitwa nyerereiti, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Kwa lugha ya jikoni, mnatembea juu ya ndugu yake magadi, na magadi yakikutana na jasho machoni yanawasha. Asiyeona bila lenzi za machoni aje na miwani. Shuka au leso ya kufunga puani inatosha.

Saa ya kwanza ni nyasi na mwinuko wa kawaida, na hapo ndipo kundi linajimaliza kwa kuongea na kukimbizana. Mita 350 hadi 400 za wima kwa saa zinatosha kabisa. Baada ya nyasi mnaingia kwenye majivu ya milipuko ya 2007 na 2008, yaliyoshikana na kuchimbwa mifereji na mvua. Mpumzike dakika tano kila baada ya dakika 45, zisizidi, jasho lisije likapoa. Dhaifu zaidi awe wa pili, nyuma ya mwongozaji. Mwenye nguvu awe mkiani.

Theluthi ya mwisho ni mikono na miguu, mwinamo wa nyuzi 40 na zaidi. Hapa jiwe linaloua halitoki kreta, linatoka chini ya buti ya rafiki yako. Tembeeni mmekaribiana, mkono kwa mgongo, ili jiwe likichomoka lisipate mwendo kabla ya kumfikia wa chini. Kwenye mfereji mwembamba apite mmoja mmoja, wengine wakae pembeni, wasisimame chini yake. Aliyelichomoa apige kelele "Jiwe!" hata kama ni dogo.

Msifike mapema. Juu ni baridi kuliko kambini kwa nyuzi kumi na zaidi, na upepo. Ukingo hauna uzio, ardhi ina nyufa zinazotoa mvuke, na kuingia kreta hakupo. Mkisikia mtetemeko, au mwongozaji akisema harufu imezidi, shukeni. Jua likitoka geukeni magharibi: kivuli cha mlima kimelala bondeni kama pembetatu, na kinafupika mnavyokitazama. Ndiyo saa yenu hiyo. Nusu saa juu inatosha.

Kushuka huchukua saa nne hadi tano. Kamba za buti zikazwe upya kifundoni, kisigino kikiwa kimesukumwa nyuma, la sivyo vidole vinagonga mbele kila hatua na kucha zinakuwa nyeusi. Majivu magumu yenye changarawe juu yake ni kama sakafu ya saruji iliyomwagiwa gololi: usiegemee nyuma, hapo ndipo miguu inachomoka na viganja kuchunika. Kunja magoti kidogo, mwili mbele, hatua fupi za kiubavu. Kwenye majivu laini ndipo unachomeka kisigino. Fimbo ni nzuri kwenye nyasi, lakini kwenye mteremko mkali ifungwe kwenye begi, mikono iwe huru. Magoti yakianza kutetemeka simama dakika mbili kila dakika ishirini, kabla hayajaamua yenyewe.

Kambini, kung'uta buti na nguo zikiwa kavu, kwa brashi. Ukizitia maji kwanza, vumbi linagandamana kwenye mishono na hutalitoa.